Mwanafunzi Aliyekwama Habishi Hodi

Nilipoanza kufundisha katika chuo kimoja hapa Tanga nilipewa meza, kiti chenye mguu mmoja mbovu, na karatasi yenye majina ya wanafunzi 62. "Hawa ni wako wa kuwashauri," mkuu wa idara akaniambia, akaenda zake. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika: USHAURI WA MASOMO, JUMATANO SAA 8 HADI SAA 10. Nikabandika mlangoni, nikakaa kusubiri.

Muhula mzima walikuja watano. Wanne walikuwa wale wa viti vya mbele, ambao hata bila mimi wangefaulu. Wa tano alikosea mlango. Alikuwa anatafuta uhasibu. Matokeo yalipotoka, katika wale 62 saba walikuwa wamedisko, yaani wameondolewa chuo kwa kufeli. Nilipoyasoma majina yao niligundua kwamba hakuna hata mmoja niliyewahi kuzungumza naye zaidi ya shikamoo na marahaba.

Mwaka uliofuata niko soko la Mgandini nanunua nazi, nikasikia, "Madamu, shikamoo!" Nikageuka. Binti mmoja mwenyeji wa Lushoto, mmoja wa wale saba, yuko nyuma ya meza ya viazi vya shangazi yake. Alinipokea vizuri, bila kinyongo. Tukaulizana habari za nyumbani, na mimi kwa kujihami nikamwambia, "Sasa wewe mbona hukuja kuniona? Si mimi ndiye niliyekuwa mshauri wako?"

Akanitazama kama niliyezungumza Kijerumani. "Kwani mimi nilikuwa na mshauri?"

Kwenye karatasi yangu alikuwa namba 41. Kwenye maisha yake mimi sikuwepo kabisa, isipokuwa kwenye ubao wa matangazo, na hapo nilikuwa nimefunikwa na tangazo la chumba cha kupanga Makorora. Nililipa nazi nikaondoka bila kuzichukua.

Tangu siku ile sibandiki tangazo. Nawafuata.

Najua walimu wenzangu watasema hawa ni watu wazima, wana miaka ishirini, mwenye shida aje. Nami nilisema hivyo. Lakini hebu tuwe wakweli kuhusu watoto tunaowalea. Tangu darasa la kwanza, kuitwa ofisini kwa mwalimu maana yake ni fimbo au "njoo na mzazi wako". Nyumbani amefundishwa asiwasumbue wakubwa. Kisha anapelekwa chuo, na ada imetoka kwa mbuzi wawili, mchango wa mjomba na pesa ya mchezo ya mama. Akipata alama 6 katika jaribio la kwanza, unadhani atamwendea nani? Hatamwendea mtu. Atajificha, na kadiri anavyoshindwa ndivyo atakavyozidi kujificha, hadi siku ya matokeo ambayo haina maficho. Anayejiamini kubisha hodi ni yule ambaye tayari mambo yake si mabaya.

Wamarekani wameliandikia jambo hili muda mrefu. Mwaka 1975 msomi mmoja, Robert Glennen, alilieleza kwa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema "ushauri wa kujiingiza": mshauri haulizwi, anaingia mwenyewe. Baadaye wenyewe waliona neno lile lina ukali, wakahamia kwenye jina lenye maana ya kuchukua hatua mapema. Mimi nalipenda lile la kwanza. Kujiingiza ndiyo kazi yenyewe, ila uwe na adabu.

Chuo Kikuu cha Georgia State, kilichoko Atlanta, tangu 2012 kina mfumo wa kompyuta unaopitia kila siku dalili zaidi ya 800 za mwanafunzi anayeanza kuteleza, na mshauri anapata taarifa ili amtafute. Dalili mia nane! Mimi nina daftari la mistari na kalamu mbili. Lakini ukiondoa kompyuta, wazo ni lile lile analolijua kila mama mwenye duka la mtaani: mteja asipoonekana siku tatu, unauliza ana nini.

Daftari langu lina dalili tatu tu. Amekosa vipindi vitatu. Jaribio la kwanza yuko chini ya nusu. Ada haijaanza kulipwa, yaani kontroli namba, ile namba ya kulipia, ameichukua lakini hakuna kilichoingia. Wiki ya nne ya muhula nakaa na daftari la mahudhurio, matokeo ya majaribio, na orodha ninayoiomba uhasibu kwa maneno matamu. Mwenye dalili moja namwekea nukta. Mwenye mbili namtafuta wiki ile ile. Wanafunzi wananiita Madamu Wiki ya Nne, wanadhani sijui.

Kwa nini wiki ya nne? Kwa sababu ya hesabu. Kwetu alama 40 zinatokana na majaribio na kazi za darasani, 60 ni mtihani wa mwisho, na katika ngazi ya cheti kufaulu ni 50. Mwanafunzi anayeingia kwenye mtihani na alama 12 kati ya 40 anahitaji 38 kati ya 60 ili apate 50 yake. Hiyo ni karibu theluthi mbili ya mtihani, kwa mtu ambaye darasani hajafikisha hata theluthi moja. Wiki ya nne bado kuna majaribio mawili mbele yake. Wiki ya kumi na mbili ninachoweza kumpa ni pole.

Hesabu hii nawafanyia juu ya karatasi, na kalamu nawapa wao washike. Vilevile ya GPA, yaani wastani wa matokeo yake yote. Aliyemaliza muhula wa kwanza na 1.8 huja amekata tamaa, anaona mstari wa kufaulu, 2.0, umeshampita. Ninamwambia, kama masomo ya muhula wa pili yana uzito sawa na ya kwanza, piga. Anapiga, anapata 2.2. Ananyamaza kidogo. Mara nyingi hapo ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanza, maana 2.2 si mlima, na mwenyewe analijua hilo.

Sasa nikusimulie habari ya kijana mmoja, maana ndiye aliyenifundisha kwamba daftari la mahudhurio lina mengi kuliko hesabu ya waliokuja na waliokosa. Yuko siku kumi mfululizo, anajibu maswali, anacheka na wenzake. Kisha karibu wiki mbili kila kipindi cha saa 1:30 asubuhi hayupo. Kisha anarudi kama hakuna kilichotokea. Nikamwona mhuni. Nikasema huyu ana mpenzi mjini, au pombe. Siku moja nimekaa kibandani kwa mlinzi wetu nasubiri mvua ipite, daftari liko mapajani. Mlinzi ni mzee wa Mkinga, ujana wake wote aliumalizia baharini. Akachungulia tarehe, akacheka. "Huyu anavua dagaa, mama. Hizi si siku za giza?"

Kwa mliokulia bara: dagaa wa pwani huvuliwa usiku kwa taa. Samaki hufuata mwanga, lakini mwezi ukiwa mkubwa bahari yote ina mwanga, taa haifanyi kitu. Kwa hiyo boti hutoka siku za giza, na mwezi ukikua hupumzika. Kijana wangu alikuwa anaingia baharini magharibi, anarudi soko la samaki la Deep Sea alfajiri, anashusha mzigo, analala. Ada alikuwa anajilipia mwenyewe, kwa dagaa. Nami nilikuwa nimeshamwandika mhuni!

Sikumwita ofisini. Nilimngoja nje ya darasa siku ya mwezi mkubwa, nikamuuliza dagaa wiki iliyopita walikuwaje. Alishtuka, kisha akaeleza yote kwa pumzi moja. Tuliyoyafanya hayakuwa makubwa. Mafunzo ya vitendo yalikuwa na makundi mawili, akahamishiwa la alasiri. Uhasibu walikubali ada ije kwa awamu zinazofuata biashara yake. Mwenzake mmoja akawa anampigia picha yaliyoandikwa ubaoni. Hakuwa mwanafunzi bora ghafla; alipata sapu moja, yaani mtihani wa marudio, ya hesabu za biashara, akaisafisha. Lakini hakudisko.

Namna ya kumfuata mtu ina ufundi wake, na mimi niliharibu mara nyingi kabla sijajua. Ujumbe wa "Njoo ofisini kwangu kesho" usiutume kamwe. Hatalala, au hatakuja. Siku hizi naandika hivi: "Habari za leo. Mimi ni madamu fulani, mshauri wako wa masomo. Sijakuona Jumanne na leo. Hujafanya kosa. Nitakuwa chini ya mwembe saa 7 mchana, dakika kumi tu." Hayo maneno "hujafanya kosa" ndiyo yanayomleta. Chini ya mwembe ni kwa sababu mlango wa ofisi unatisha, na pia kwa sababu mwalimu na mwanafunzi wakikaa peupe hakuna wa kuwazulia maneno. Kundi la WhatsApp la darasa halifai kwa kazi hii. Niliwahi kuweka humo majina ya walioshindwa jaribio, nikidhani nawahimiza. Wawili walijitoa kundini usiku ule ule, na mmoja hakurudi darasani kwa wiki nzima. Hilo ni kosa langu, na bado linaniuma.

Akija, usimuulize "una tatizo gani?" Jibu lake unalijua: "Hamna, madamu, niko poa." Uliza vitu vidogo vyenye majibu. Unaishi na nani? Unakuja chuo kwa usafiri gani, bajaji au miguu? Leo asubuhi umekula nini? Swali lipi la jaribio lilikukwamisha? Binti mmoja alikuwa anatembea kutoka Pongwe siku ambazo hana nauli, anafika kipindi cha pili kimeshaanza, anaona haya kuingia, anakaa maktaba. Sote tulimwona mtoro. Niliposoma kwamba Chuo Kikuu cha Jiji la New York, katika mpango wake wa ASAP ulioanza 2007, pamoja na kuwalazimisha wanafunzi kuonana na mshauri kiliwapa kadi za usafiri bure, nilimkumbuka yeye. Utafiti uliotoka 2015 ulionyesha kwamba katika miaka mitatu asilimia 40 ya waliokuwa kwenye mpango walimaliza, dhidi ya 22 ya wenzao. Sisi kadi hatuna, lakini kumtafutia mtu chumba cha kuchangia karibu na chuo haihitaji bajeti ya New York. Yule wa Pongwe sasa anachangia chumba Chumbageni na wenzake wawili.

Na wazazi? Hapa uende polepole. Mwanzoni nilikuwa napiga simu nyumbani kwanza. Mara moja nilimpigia mjomba anayelipa ada, nikamweleza kwa nia njema kwamba kijana anasuasua. Mjomba akashukuru sana, na mwezi uliofuata hakutuma kitu. "Pesa yangu siimwagi baharini," alimwambia mpwa wake. Siku hizi kabla sijapiga simu namuuliza mwanafunzi mwenyewe: nyumbani nani anajua, na nani akijua atasaidia? Mara nyingi si mlipa ada. Ni bibi, au dada mkubwa.

Jambo la mikopo nalo linataka mtu wa kuwasemea mapema. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kuwakopesha na wanafunzi wa stashahada katika fani zilizochaguliwa, lakini bado nakutana na wanaoamini mkopo ni wa chuo kikuu peke yake. Anayeanza kutafuta cheti cha kuzaliwa dirisha la maombi likiwa karibu kufungwa ameshachelewa. Namwambia mwanzoni mwa mwaka, sio mwishoni.

Kuna mengine si ya kwangu. Ugonjwa, msiba mzito, binti aliyepata ujauzito na hajui aanzie wapi: hapo namshika mkono mpaka kwa mlezi wa wanafunzi au zahanati, tunaenda wote, sitoi karatasi ya "nenda pale".

Muda naupata wapi? Wenzangu huniuliza sana. Katika 62, wenye dalili mbili huwa hawazidi kumi na wawili. Dakika kumi kila mmoja, ni saa mbili. Ndizo zile saa mbili za Jumatano nilizokuwa nazitumia kukodolea macho mlango.

Muhula huu orodha yangu ina majina tisa. Sita nimewaona. Wawili simu zao hazipatikani, kesho namtuma kiongozi wa darasa mtaani kwao. Mmoja alinijibu kwa kidole gumba tu, sijui maana yake ni nini, namngoja.

Na jana jioni uliniingia ujumbe wa yule kijana wa Deep Sea, ambaye siku hizi hayumo kwenye orodha: "Shikamoo madamu. Giza linaanza Alhamisi. Kipindi chako cha Ijumaa asubuhi sitakuwepo, naomba nije Jumatatu kuchukua kazi." Nikamjibu marahaba, njoo saa 7, na uniletee dagaa wa elfu tano, nitalipa.