Barua kwa Mtunzi: Chai ya Sekela na jiko la Makete

Wasomaji mnaofuatilia hadithi yangu ya mapenzi ya Sekela na Ambakisye, inayotoka sehemu kwa sehemu, hamjambo? Mwezi huu mhariri amenipa nafasi nijibu barua zenu. Nilijua mtaniuliza kama Ambakisye ataoa au atakimbilia Tunduma. Kumbe wengi mnataka kujua mtunzi anakula nini na kiuno chake kinaendeleaje. Haya. Nipo barazani kwangu Isanga, hapa Mbeya, Mlima Loleza umejifunika ukungu hadi kiunoni, na barua zenu ziko mapajani.

SWALI: Kamwene mama! Shoga yangu anasema umeacha sukari. Mimi nimekataa, maana kwenye hadithi yako hakuna ukurasa ambao mtu hanywi chai. Hebu tueleze siku yako inakwendaje.
Mama wa watatu, Njombe

JIBU: Kamwene, mama wa watatu. Shoga yako amesikia nusu.

Kwa karibu miaka ishirini nimeandika nikiwa na chupa ya chai pembeni. Naamka saa kumi na moja alfajiri, najifunga kitenge juu ya sweta, naandika hadi saa nne. Chupa ilikuwa inajazwa chai ya maziwa yenye tangawizi, na sukari imeshatiwa humo humo sufuriani kama tunavyofanya wengi. Ubaya ulikuwa hapo. Sukari ya sufuriani haina hesabu.

Mwaka jana nilipimwa, nikaambiwa sina kisukari ila kiko mlangoni kinapiga hodi. Muuguzi akaniuliza natumia vijiko vingapi kwa siku. Nikajibu kwa kujiamini, "Vitatu, vinne." Nilipofika nyumbani nikamwomba binti anayenisaidia jikoni apime anachotia. Vikombe sita, kila kimoja vijiko vitatu. Vijiko 18! Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina kama gramu 4, kwa hiyo nilikuwa napita gramu 70, na cha kwetu hakijawahi kusawazishwa hata siku moja, kila mara kina kilele kama Mlima Rungwe. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ingekuwa vizuri zaidi ishuke hadi 25, yaani kama vijiko sita. Mnaokimbilia asali, nayo imo kwenye hesabu hiyo hiyo, msijidanganye.

Lililoniuma zaidi ni hili. Kikombe cha kwanza nilikuwa nakumbuka ladha yake, mvuke wake, hata mahali nilipokuwa nimefika kwenye sura. Cha pili hadi cha sita sikumbuki kitu. Nainua kikombe, nakuta ni kitupu, nashangaa amekunywa nani. Basi sukari ya hivyo vitano ndiyo niliyoiacha. Cha kwanza bado ninacho, kina kijiko kimoja na nusu, na nakinywa nikiwa sijashika kalamu. Siku hizi chupa inajazwa chai kavu isiyo na sukari, bakuli la sukari linakaa mezani, anayetaka anajitilia. Wiki ya kwanza ilikuwa kama nakunywa maji yaliyosuuzia sufuria. Mwezi ulipoisha, nilionja chai ya msibani nikaona imezidi utamu kama sharubati.

Mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu akanywa funda moja, akaitazama ile chupa, akaniita pembeni. "Mwanangu, kama sukari imeisha sema, tusifichane." Kesho yake akarudi kutoka Mwanjelwa na kilo mbili.

SWALI: Sisi wachuma chai umetuua. Kama watunzi mnaacha chai, tutakula nini?
Mchuma majani, Mufindi

JIBU: Rafiki yangu, chai sijaacha, nimeacha sukari, na hiyo wewe huichumi. Tena tangu niinywe bila sukari nyingi ndiyo kwanza nimejua ladha ya kazi yako. Wanaochuma majani mawili na kichipukizi, na wanaokwangua tawi zima, tofauti yao ipo kikombeni, na zamani sikuwa naisikia. Ila chai na mlo nimevitenganisha. Chai inauzuia mwili kupata vizuri madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani, kwa hiyo nasubiri kama saa moja baada ya kula. Sekela ni mjamzito, na kwenye sehemu ya 11 nilimnywesha chai nzito juu ya maharage. Nisameheni, hilo lilinipita.

SWALI: Shikamoo mama. Nasoma chuo hapa Iringa na ninaandika hadithi ya mapenzi usiku. Nakunywa kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu saa nne, saa nane nakula chipsi mayai, asubuhi mgongo unauma na sura niliyoandika haifai. Wewe unawezaje?
Mwandishi chipukizi, Iringa

JIBU: Marahaba mwanangu. Siwezi, ndiyo maana siandiki usiku. Kafeini ya kopo la saa nne, nusu yake au karibu nusu bado iko mwilini saa tisa usiku. Unalala lakini hulali. Halafu mtu aliyechoka akiandika mapenzi, wahusika wake wote wanalia. Nenda kahesabu machozi kwenye hiyo sura.

Mgongo naujua. Nilikuwa naandika kitandani, nimelala kifudifudi, kompyuta ndogo iko juu ya mto, miguu hewani kama msichana wa kwenye kalenda. Nilikuwa na miaka 46, nani alinituma? Kiuno kilinishika mwaka mzima. Mtaalamu wa viungo aliniambia mambo mawili: kaa mezani, na usikae zaidi ya nusu saa bila kuinuka. Meza ilikuwa rahisi, fundi seremala aliongeza vipande vya mbao kwenye miguu ya meza ya zamani, kazi ikaisha siku hiyo hiyo. Kuinuka ndiko kulikonishinda. Niliweka kengele ya simu. Inalia Ambakisye akiwa ndiyo kwanza anafungua mdomo kuomba msamaha. Naizima, nakaa saa mbili.

Dawa yangu ikawa maharage. Usiku naloweka, asubuhi nabandika kwenye jiko la mkaa uani. Maharage hayazimwi kama kengele. Kila baada ya muda lazima nitoke nikaongeze maji ya moto, nichochee, nirudi, na nikishatoka nazunguka nyumba mara mbili, nang'oa jani moja la mchaichai, namsalimu jirani. Nikizembea, harufu inanifuata hadi mezani. Tangu nianze nimeunguza mara moja tu, siku ya harusi ya dada yake Sekela. Ile sura inanukia moshi, ukiisoma vizuri utausikia.

Jioni natembea kuelekea miguuni mwa Loleza, dakika arobaini kwenda na kurudi. Huko ndiko ninakotunga maneno wanayosemezana wahusika, na natunga kwa sauti, simu inarekodi. Siku moja nilikuwa nimefika mahali Sekela anapomwambia Ambakisye, "Kama unaondoka, ondoka na viatu vyako vyote, usiniachie hata kimoja nikakitazama." Nilirudia mara tatu nne, kila mara sauti inapanda. Bajaji ikasimama. Dereva, kijana wa umri wa mwanangu, akachungulia: "Mama, kuna usalama?" Nikamwambia upo, natunga tu. Hakuniamini. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Mwache aende mama, viatu utamtumia kwa basi." Sentensi hiyo mliisoma kwenye sehemu ya 12, kaisema shangazi yake Sekela. Wengi mmeniandikia kuisifu. Si yangu.

Chipsi mayai sikukatazi. Kula mchana, ukiwa umekaa na wenzako.

SWALI: Kwetu Kyela wazee wanalima kakao miaka yote lakini nyumbani hatujawahi kuinywa, tunauza tu. Nimesikia wewe unaipenda. Unaifanyaje?
Kijana wa Kyela

JIBU: Ndaga fijo, yaani asante sana, kwa swali hili, maana hapa nitachukua nafasi ya watu wengine.

Hiyo ndiyo anasa yangu ya Jumamosi. Sihitaji nyingi, konzi moja ya mbegu kavu, zile ambazo tayari zimevundikwa siku tano hadi saba na kuanikwa juani. Ambayo haikuvundikwa usiihangaikie, itakuwa chungu na kali bila ile harufu. Nabandika kikaango kikavu, moto mdogo, nageuza kwa mwiko kama ninavyokaanga karanga. Mwanzoni inatoa harufu ya siki, usiogope, hiyo inaondoka. Halafu zinaanza kupasuka, ta, ta, na nyumba nzima inabadilika. Mume wangu, ambaye hajui siku, anajua Jumamosi kwa harufu hiyo.

Zikipoa kidogo nazimenya kwa vidole. Ganda linatoka kama la karanga, jembamba zaidi, linabaki kwenye kucha. Ndani ni rangi ya udongo wa Tukuyu uliolowa. Natwanga kwenye kinu kidogo cha kutwangia vitunguu saumu (kioshwe kweli kweli, nilijifunza kwa uchungu), na hapo panataka subira: kwanza unapata unga, unaendelea, ghafla unga unang'aa na kushikana, mafuta yake yenyewe yametoka. Vijiko viwili vya hicho kwenye kikombe cha maziwa yanayochemka, kipande cha mdalasini, sukari kijiko kimoja. Nakunywa barazani kabla ya saa kumi jioni, kwa kuwa nayo ina kafeini kidogo na usingizi wangu siuchezei tena.

Mpikie baba yako. Mzee amebeba magunia ya kitu hicho mgongoni maisha yake yote, akione leo kimekaa kikombeni. Uniandikie alisema nini.

SWALI: Mumeo anaonaje ukiandika mapenzi ya wanaume wengine?
Mdadisi, Vwawa

JIBU: Ni fundi wa magari, hasomi. Anauliza tu kama pesa ya sehemu iliyopita imeingia.

SWALI: Mama, hadithi yako naipenda ila sehemu ya 14 imenikasirisha. Sekela kafunga dirisha, kaingiza jiko la mkaa chumbani kwa sababu ya baridi, kalala, asubuhi kaamka anajinyoosha na kutabasamu. Huku kwetu anayelala hivyo haamki. Umeandika nini?
Msomaji wa Makete

JIBU: Barua hii niliisoma nimesimama, nikakaa.

Nimekosea, na sina kisingizio, kwa sababu mimi mwenyewe nusura niondoke hivyo. Ilikuwa mwezi wa saba mwaka juzi, ile baridi ya kutoa moshi mdomoni. Niliingiza jiko kwenye chumba changu cha kuandikia. Mkaa ulikuwa umeshika vizuri, mwekundu, hauna moshi hata kidogo, nikaona hapa pana usalama. Nikaziba kwa kanga nafasi ya chini ya mlango. Baada ya muda kichwa kikaanza kugonga, nikadhani ni njaa. Kichefuchefu, nikadhani ni malaria. Niliendelea kuandika. Mpwa wangu aliingia kuomba chaja, akasukuma mlango kwa nguvu maana ile kanga ilikuwa imenasa, akanikuta nimeinamia meza. Alinikokota hadi uani. Baadaye nilipofungua kompyuta nikakuta nimeandika "Sekela akamtazama" mara kumi na moja, mstari juu ya mstari, na sikumbuki hata mmoja.

Kinachoua ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na mkaa unaiweka hewani hata ukiwa hautoi moshi. Inashika damu mahali pa oksijeni, kwa hiyo unachoka, unasinzia, na usingizi ule ndio wenyewe. Kuacha dirisha wazi upana wa kidole si kinga. Jiko libaki nje, basi, hata kama ni Juni, hata kama kuna mtoto mchanga. Sasa natia maji ya moto kwenye chupa ya plastiki nene, naifunga kwa kanga, naiweka miguuni. Soksi jozi mbili. Kofia ya sufu ya mwanangu, inanifanya nifanane na konda wa daladala za Uyole, sijali.

Na Sekela? Kilichochapwa kimechapwa, siwezi kulitoa jiko kwenye sehemu ya 14. Lakini hamkuambiwa yote yaliyotokea usiku ule. Kwenye sehemu ya 15 mtaona kwamba Ambakisye, ambaye wote tulidhani kaondoka na basi la jioni, alirudi saa sita usiku kuomba msamaha, akagonga, akagonga, hakujibiwa, akasukuma mlango. Hakumwamsha Sekela kwa maneno matamu. Alifungua mlango na madirisha yote, akambeba hadi nje kwenye baridi, akarudi kulichukua jiko, akakaa naye ukutani amemfunika koti lake hadi pumzi yake ikatulia. Kulipokaribia kukucha alimrudisha kitandani akaondoka bila kusema. Sekela aliamka, akatabasamu, halafu akakuta jiko liko uani lina majivu, na pembeni yake kiatu kimoja.