Muulize Musawo: Presha Iko Sawa, Mgonjwa Hayuko Sawa

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa vijana walioko kwenye kozi ya huduma ya dharura, wale wa ambulensi, na nikizisoma naona karibu wote wanagombana na mashine. Nimechukua chache, zingine zingoje toleo lijalo.

Shikamoo Musawo. Niko kwenye mafunzo, tumepangiwa ambulensi ya barabara ya Jinja. Tulimchukua kijana wa boda aliyegongwa na lori pale msitu wa Mabira, paja limevimba lakini damu ya nje hakuna, anaongea vizuri tu, hata anauliza nani kachukua pikipiki yake. Presha 118 kwa 76, mapigo 124. Tukaandika hali imetulia. Kufika hospitali presha ikasoma 82 kwa 50 na kijana ameanza kusinzia. Mwenzangu anasema kipimo chetu ni kibovu. Ni kweli? (Mwanafunzi, Lugazi)

Marahaba mwanangu. Kipimo hakina kosa, kilisema kweli mara zote mbili. Ile 124 ya mapigo ndiyo ilikuwa inawapigia kelele na nyinyi mkawa mnatazama presha.

Iko hivi. Mtu mzima wa kilo 70 ana damu kama lita 5. Akianza kuvuja mwili haukubali presha ishuke hivi hivi, unabana mishipa ya ngozi, ya mikono na miguu, moyo nao unakimbia ili damu iliyobaki ifike kwenye ubongo. Kijana mwenye afya anaweza kupoteza mpaka lita moja na nusu hivi, yaani karibu asilimia 30, na ile namba ya juu ya presha bado inasoma vizuri kabisa, halafu nguvu ya kujibana ikiisha anaanguka ghafla. Kwa hiyo presha ikishashuka ujue umechelewa, hiyo ni dalili ya mwisho siyo ya kwanza. Wazee wanaotumia dawa za kupunguza kasi ya moyo ndio wanachanganya zaidi, mapigo yao yanaweza yasipande hata wakivuja sana, lakini huyo wako hakuwa mzee.

Sasa utajiuliza damu ilienda wapi wakati chini hamna kitu. Ilikuwa ndani ya paja! Paja moja lililovunjika linameza lita nzima na zaidi bila tone kutoka nje. Ukiona mapigo yamepanda na damu huioni, tafuta kifuani, tumboni, kwenye nyonga na kwenye mapaja, halafu angalia na chini alipolala maana koti zito la mwendesha boda linanyonya damu nyingi na kwa juu linaonekana kavu.

Kabla hata ya kufungua mkoba wa presha mshike mkono. Baridi? Una jasho? Bonyeza ukucha sekunde tano, achia, rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili. Hesabu pumzi, na usikisie ukaandika 18 kama wanavyofanya wengi, mtu mzima aliyetulia anapumua mara 12 mpaka 20 kwa dakika na akianza kuvuka hapo kuna kitu. Na yule anayelalamika kiu, anataka kukaa, anataka kuvua blanketi, anagombana na nyinyi, watu husema huyu ni msumbufu kumbe ubongo umeanza kukosa damu. Maji usimpe hata akikulilia, anaweza kwenda moja kwa moja kwenye upasuaji.

Cha kufanya: mguu ukazwe kwa banzi, oksijeni, mfunike hata kama jua ni kali maana damu ikipoa haigandi vizuri, na muondoke. Pale barabarani msizidi dakika 10 labda awe amebanwa kwenye gari. Dripu mtaweka njiani kama kiwango chenu cha mafunzo kinaruhusu. Ukishuku nyonga imevunjika usiitikise kutafuta kama inacheza, chukua kitenge kipana umfunge. Siyo kiunoni! Teremka mpaka kwenye vile vifundo vya mfupa unavyovigusa pembeni ukiweka mikono mfukoni, hapo ndipo kitenge kinapokaa. Halafu pima tena kila dakika 5 na uandike saa. Ukimpa daktari namba moja hujamwambia kitu, lakini ukimwambia saa nne na dakika kumi mapigo 124, saa nne na robo 132, saa nne na ishirini 140, ataita watu wa upasuaji kabla hujamaliza kuongea.

Musawo, huku kwetu Kabale baridi ikizidi watu wanalala na sigiri, jiko la mkaa, ndani. Tulikuta mama na watoto wawili wamelegea, mama anatapika, kichwa kinamuuma. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilisoma asilimia 99 kwa wote na msimamizi wetu bado akawapa oksijeni ya nguvu. Si ni kupoteza mtungi?

Hapana, msimamizi wako anaijua kazi. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na inaishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Kile kipimo cha kidole kinaangalia rangi ya damu tu, na damu iliyobeba sumu hiyo kwake inafanana na damu iliyobeba oksijeni. Kwa hiyo 99 yako ni ya uongo na itabaki hivyo mpaka mtu anakata roho. Ukisikia neno sigiri, au jenereta ndani ya duka, weka kile kipimo pembeni. Familia nzima kuumwa kichwa na kutapika kwa pamoja siyo malaria, malaria haipigi nyumba nzima usiku mmoja.

Hewa ya kawaida inachukua saa 4 au 5 kupunguza sumu hiyo nusu, oksijeni ya lita 15 kwa maski yenye mfuko inashusha mpaka kama saa moja na nusu. Hiyo ndiyo hesabu ya mtungi wako. Na mwenye mimba apelekwe hata akisema amepona, mtoto tumboni anaumia zaidi. Ila kabla ya yote fungua milango, toa watu, usiingie ukapiga magoti mle kuanza kupima presha, mtakuwa wagonjwa wanne.

Kasese hapa. Wazee wanasema ukifunga mguu kwa turniketi, ule mkanda wa kukaza ili damu isimame, mguu utakatwa. Mwalimu anasema funga. Nimsikilize nani?

Mwalimu. Kwanza gandamiza kidonda kwa nguvu, uzito wako wote. Ikishindikana, au damu inaruka, funga upana wa vidole vitatu vinne juu ya kidonda, upande wa kuelekea mwilini, usifunge kwenye goti lenyewe wala kwenye kiwiko chenyewe, kaza mpaka damu isimame. Itamuuma sana, atakutukana, ni kawaida. Andika saa uliyofunga, paji la uso ni pazuri, na usilegeze legeze kila mara ili mguu upumue, huko kulegeza ndiko kunammaliza mtu kidogo kidogo. Chini ya saa 2 mguu kwa kawaida unapona. Huna turniketi tumia kitambaa kipana na kijiti cha kusokotea, siyo waya siyo kamba ya mbuzi, hizo zinakata nyama na damu inaendelea.

Nadhani wazee wako wanachanganya na nyoka. Kwa nyoka wako sahihi, mguu haufungwi, haukatwi, haunyonywi. Unalazwa kwenye banzi usitikisike, unatoa pete na viatu, unakimbia hospitali.

Polisi wa Busia wanatuita kila wikendi kuchukua walevi. Kuna haja ya kupima kila kitu kwa mtu ananuka waragi?

Pima sukari. Kila mmoja, kila wikendi. Pombe inazuia ini kutengeneza sukari, na mtu aliyekunywa tangu mchana bila kula anaweza kuwa na sukari ya 2 mmol/L wakati inatakiwa iwe angalau 4. Akiweza kumeza mpe soda, siyo ile isiyo na sukari. Hawezi kumeza, usimwekee kitu mdomoni, mlaze ubavu, sukari ipitie kwenye mshipa. Pitisha na vidole kwenye nywele zake utafute uvimbe maana walevi huanguka na kichwa, angalia mboni za macho kama zinalingana. Kwenye ile hesabu ya fahamu ya 3 mpaka 15, akiwa 8 kushuka njia ya hewa iko hatarini bila kujali kanywa nini. Na kwenye fomu usiandike "mlevi", andika ulichopima.

Glovu zikiisha je?

Ajali ya barabarani, mikono iingie kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) safi, inatosha kugandamiza kidonda mpaka mwenzako alete box lingine. Ila mwenye homa anayetoka damu ama anayetapika hovyo, halafu katoka msibani ama kauguza mtu aliyekufa, huyo humgusi na kaveera. Mubende 2022 na Kampala mwanzoni mwa 2025 Ebola iliwapata wahudumu wa afya. Simama hatua mbili, uliza maswali yako ukiwa hapo hapo, piga simu kwa wilaya waje na mavazi kamili.