Kabla hujauza diski yako ya gemu, ijue historia ya GameStop

Naishi Texas, si mbali na Grapevine, mji yaliko makao makuu ya GameStop, kampuni ya maduka ya gemu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikinunua diski zilizotumika za PS4 (mashine ya gemu ya PlayStation 4) na kumtumia mdogo wangu Mombasa, mwenye kibanda cha gemu.

Somo la kwanza nililipata mwezi Agosti, kwenye duka dogo la mtaani, nilipopeleka diski ya FIFA kuiuza. Kijana wa kaunta aliigeuzageuza chini ya taa akitafuta mikwaruzo. Hakuona hata mmoja, lakini bei aliyonitajia haikufika hata ya chai na mandazi. Toleo jipya lilikuwa linatoka Septemba.

Nilikuja kuelewa nilipofuatilia biashara hii ilikotoka. Mwaka 1984 Dallas kulifunguliwa duka la programu za kompyuta lililoitwa Babbage's. Mwaka 1994 liliungana na Software Etc. na kuwa NeoStar, iliyofilisika miaka miwili tu baadaye. Leonard Riggio, mkuu wa maduka ya vitabu ya Barnes & Noble, akayachukua maduka hayo, ambayo ndiyo yaliyokuja kuwa GameStop. Kwangu mimi, mwaka wa kukumbuka ni 2000, walipoinunua Funco ya Minnesota, iliyojijenga kwa kununua gemu za watu na kuziuza tena. Kufikia 2005 walikuwa na nguvu ya kuichukua Electronics Boutique kwa dola bilioni 1.44.

Riziki yao ilikuwa kwenye gemu zilizotumika. Katika miaka ya neema, kila dola 100 za mauzo ya gemu mpya ziliwaachia faida ya kama 20, lakini za gemu zilizotumika ziliwaachia zaidi ya 40. Kwa hiyo kaunta haikulipi kwa uzuri wa gemu. Inakulipa kwa kukisia diski itakaa rafuni muda gani. Ukishaimaliza, iuze wiki hiyo hiyo. Za mpira zisivuke mwaka mpya mkononi mwako. Na wakikuahidi thamani kubwa zaidi ukichukua bidhaa badala ya fedha, kubali tu kama kuna kitu ulishakusudia kununua.

Watu hupenda kuniuliza kuhusu hisa za GameStop zilizopaa Januari 2021. Zile zilikuwa vita vya soko la hisa, diski hazikuhusika.

Kinachonitia wasiwasi ni mashine zisizo na tundu la diski, kama Xbox Series S na PS5 Digital Edition za 2020. Gemu uliyoipakua humo huwezi kumuuzia mtu wala kumwazima jirani. Ukimnunulia ndugu nyumbani, ongeza fedha upate yenye tundu.

Diski za PS4 za Marekani zinacheza Mombasa bila shida. Tatizo ni namba za siri za kufungulia vitu vya nyongeza ndani ya gemu, zilizomo kwenye boksi: mara nyingi mwenye kwanza ameshazitumia, na hata zikiwa nzima zinataka akaunti ya Marekani. Usizilipie.

Ile FIFA sikuiuza. Niliituma kibandani, na vijana wanaichezea mpaka leo.