Shangazi, nina kila kitu ila furaha

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 36, kazi ya kudumu, nyumba na watoto wawili. Ijumaa natoka na wenzangu: nyama choma, muziki, vicheko. Jumatatu moyo mtupu. Nimesoma kwamba Wagiriki wa kale walisema lengo la maisha ni furaha. Mimi nimekosea wapi? Mtupu, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Aliyekutafsiria ndiye aliyekuchanganya. Neno lao ni eudaimonia, na kwetu liko karibu zaidi na "heri" kuliko furaha. Mwanafalsafa wao Aristotle (384–322 K.K.) alimaanisha maisha yanayokwenda vyema kwa sababu mwenyewe anatenda vyema. Hata "Heri walio maskini wa roho" ya Mathayo ilitoka katika Kigiriki, ingawa kwa neno jingine, na hakuna anayeisoma akadhani maskini hao wanacheka.

Mbayuwayu mmoja haleti majira ya machipuko, aliandika Aristotle, wala siku moja haimpi mtu heri. Wewe unapima maisha kwa Ijumaa. Wapimaji wa leo nao hutenganisha: Ripoti ya Furaha Duniani humuuliza mtu yuko kipandio cha ngapi katika ngazi ya 0 hadi 10, kama alicheka jana ni swali la pembeni.

Chukua daftari, wiki 2. Ukurasa wa kwanza ni wa Epicurus, mwanafalsafa mwingine wa Wagiriki, anayesingiziwa ulafi ilhali aliridhika na mkate na maji, na kipande cha jibini kwake kilikuwa karamu. Gawa matumizi yako mafungu matatu: ya asili na ya lazima, kama chakula na malazi, ya asili yasiyo ya lazima, ndiyo nyama choma yako, na yasiyo ya asili wala ya lazima, kama kujaza meza chupa ili meza ya jirani ione. Hili la tatu halina kipimo cha kutosha, ndiyo maana halishibishi. Wengi huharibu hapa: wanafuta nyama, wanabakiza chupa, kwa kuwa kuikosa nyama ni rahisi kuliko kuonekana umefulia.

Ukurasa wa pili ni marafiki. Katika vitabu 10 vya maadili yake, Aristotle alivitoa viwili kwa urafiki: wa faida, wa starehe na wa wema. Andika majina ya wenzako wa Ijumaa, na mbele ya kila jina ujiulize: akiacha pombe, tutaendelea kutafutana? Yakitoka yote ya starehe, Jumatatu yako imeshajieleza. Urafiki wa wema huchelewa kuiva. Watu hawajuani, anasema, mpaka wamalize chumvi pamoja. Chagua mmoja, mtembelee Jumatano, mikono mitupu.

Ila utupu ukiwa wa kila siku kwa wiki 2, usingizi na hamu ya kula vikavurugika, hilo si la falsafa tena. Nenda kituo cha afya, na usimwambie daktari "nimechoka tu". Mweleze kama ulivyoniandikia mimi.