Kijiwe cha kwenye kiwashio cha jiko la gesi: umeme wake unatoka wapi, na kinaweza kazi gani?

Swali: Shikamoo Injinia. Mimi ni fundi wa majiko ya gesi hapa Morogoro. Majiko mengi ya mezani ninayotengeneza hayana betri. Unazungusha swichi, unasikia "tak!", cheche inatoka. Nilifungua kiwashio kimoja nikakuta kijiwe kidogo cha kijivu. Kijana ninayemfundisha kazi ananiambia ndiyo yale mawe ya Kongo tuliyoyaona kwenye video, yanayotoa cheche na kuwasha taa. Ni kweli? Na kama kijiwe kidogo hivyo kinaweza kunirusha mkono, kwa nini tusichajie simu? La mwisho: kiwashio kikigoma, je, kijiwe kimekufa?

Jibu: Marahaba, fundi. Hicho ulichokishika ni fuwele ya piezoelektriki, yaani kitu kigumu ambacho ukikigonga au kukikandamiza hutoa umeme. Mimi natengeneza vifaa tiba, na mashine za altrasaundi zinazopima wajawazito zinategemea vijiwe vya ukoo huo huo, kwa hiyo nakutana navyo kila wiki.

Tuanze na umeme wenyewe. Ndani ya fuwele kuna chembe zenye chaji chanya na zenye chaji hasi, zimepangwa kwa mpangilio unaojirudia. Katika chumvi ya mezani mpangilio huo una ulinganifu kamili: ukiikandamiza, chanya na hasi husogea kwa namna inayofutana, na huoni kitu hata ukiitwanga. Kwatzi, jiwe la silikoni na oksijeni, haina ulinganifu huo. Ukiibana, kitovu cha chaji chanya kinaachana kidogo na kitovu cha chaji hasi, basi uso mmoja wa fuwele unakuwa chanya na wa pili hasi. Hakuna chaji mpya iliyozaliwa. Zilikuwemo tangu mwanzo, nguvu ya mkono wako imezisogeza tu. Ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, walilionyesha jambo hili mwaka 1880 kwa kutumia kwatzi, tumalini (aina ya kito) na hata fuwele za sukari ya miwa. Mwaka uliofuata Gabriel Lippmann alionyesha kwa hesabu kwamba na kinyume chake lazima kiwe kweli: ukiipa fuwele umeme, itajinyoosha au kujikunja. Akina Curie wakapima, wakakuta ni hivyo.

Kijiwe cha jiko lako hakikuchimbwa popote. Ni keramiki iitwayo PZT, mchanganyiko wa oksidi za risasi, zirkoni na titani uliochomwa kwenye tanuri. Ikitoka tanurini bado haina kazi, kwa sababu punje zake ndogo ndogo zinatazama kila upande na zinafutana. Kiwandani wanaipasha moto, wanaiwekea umeme wa maelfu ya volti kwa kila milimita ya unene, na punje zinageukia upande mmoja. Ikipoa, zinabaki hivyo hivyo. Kwa nguvu ile ile ya kukandamiza, PZT hutoa chaji zaidi ya mara 100 ya kwatzi. Moto mkali huzitawanya tena punje hizo, na ndiyo maana kiwashio hufungwa mbali na moto, nyuma ya swichi, halafu umeme ukapelekwa kwa waya.

Ile "tak!" ni nyundo. Unapozungusha swichi, springi inabanwa mpaka inafyatuka, na kinyundo kinapiga kijiwe kwa kishindo. Hewa kavu inahitaji kama volti 3,000 kwa kila milimita ili ipitishe cheche, kwa hiyo pengo la milimita 4 linadai volti 12,000 hivi. Kijiwe kinazifikisha.

Sasa mbona hazikuui, na mbona hazichaji simu? Kwa sababu volti si nishati. Pigo moja hutoa milijouli chache tu, yaani sehemu chache za elfu za jouli, kipimo cha nishati. Tuseme 2. Betri ya simu ya mAh 4,000 inabeba takriban jouli 55,000. Gawanya, utapata mapigo zaidi ya milioni 27. Ukipiga mara moja kila sekunde, usiku na mchana, bila kupoteza hata tone, utachaji simu moja kwa miezi kumi na nusu. Hapa ndipo watu wengi wanapopotezwa na matangazo ya viatu na sakafu za kuzalisha umeme kwa hatua za watu. Kijiwe hiki kina uwezo mkubwa wa kutoa cheche na wa kuhisi mguso mdogo sana. Umeme wa kuendesha nyumba si kazi yake, na anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakula hela yako.

Kuna jambo la pili ambalo mafundi wengi hawalijui: chaji inatoka pale tu nguvu inapobadilika. Kandamiza kijiwe na ushikilie, umeme unavuja na kuisha muda mfupi baadaye, ingawa bado umekikandamiza. Mizani ya bucha haiwezi kutumia kijiwe hiki, maana nyama ikitulia juu yake namba ingerudi sifuri.

Na hilo ndilo jibu la kijana wako. Video zile zilizozagaa mwanzoni mwa 2023 zilionyesha taa ndogo ikiwaka mfululizo juu ya jiwe lililolala tu. Fuwele ya piezoelektriki haifanyi hivyo. Isipogongwa haina cha kutoa, na yenyewe haipitishi umeme. Jiwe lenye madini ya chuma ndani yake, kwa upande mwingine, linapitisha, na ukiliunganisha na betri iliyofichwa nje ya picha litatoa cheche na kuwasha taa vizuri kabisa. Mwambie ajaribu mwenyewe. Achukue kile kisahani cha shaba chenye duara jeupe katikati, kinachotoa mlio kwenye kengele za mlangoni na saa za mezani. Aunganishe nyaya zake mbili na taa ya LED nyekundu, azime taa za chumba, kisha agonge duara jeupe kwa mpini wa bisibisi. LED itawaka mara moja na kuzima. Akandamize na kushikilia: giza. Ageuze miguu ya LED, aone sasa inawaka anapoachia. Akishaona hilo kwa macho yake, hakuna wa kumdanganya kwa mawe.

Wachimbaji wa Geita wanaofuata mikanda ya kwatzi kutafuta dhahabu nao huniuliza kama ile kwatzi nyeupe ina soko kwenye elektroniki. Kwa kawaida haina. Imejaa nyufa, na sehemu zake zimegeukiana hadi zinafutana. Kwatzi ya saa na simu hukuzwa kiwandani, ndani ya mitungi ya shinikizo kubwa, ili iwe safi na nyoofu.

Kwenye saa kwatzi hufanya kazi kwa kinyume: inapewa umeme kidogo, inatetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe hadi zikawa mbili 15, hivyo saketi inaigawa kwa mbili mara 15 na kubakiwa na pigo moja kwa sekunde. Kwenye gari, sensa iliyofungwa kwenye bloku ya injini husikia injini ikigonga na kuiambia kompyuta icheleweshe kidogo cheche ya plagi. Printa za Epson husukuma wino kwa vijiwe vinavyojikunja, tofauti na zile zinazochemsha wino.

Lakini matumizi ninayoyathamini kuliko yote ni altrasaundi. Uso wa probe, yaani kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa tumboni, chini ya ule mpira laini, una vipande vya fuwele, mara nyingi 128, kila kimoja chembamba chini ya nusu milimita. Mashine inavipa umeme kwa kitambo kidogo sana, vinatetemeka kwa kasi ya kama mara milioni 3.5 kwa sekunde, kisha vinanyamaza na kusikiliza. Sauti husafiri mwilini kama mita 1,540 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi wa kitu kilicho sentimita 10 ndani hurudi baada ya sekunde 0.00013. Kijiwe kile kile kilichopiga ndicho kinachosikia, na kutokana na miangwi hiyo mama anauona moyo wa mwanawe ukipiga. Gel inayopakwa tumboni inafukuza hewa, maana hewa ingeirudisha karibu sauti yote kabla haijaingia mwilini.

Probe ikianguka sakafuni, fuwele hupasuka hata kama nje inaonekana nzima. Nikiletewa, nanyoosha kibanio cha karatasi, napaka gel kidogo, nakipitisha taratibu kutoka upande mmoja wa uso hadi mwingine. Kila kipande kizima kinachora mng'ao kwenye skrini. Nikifika kwenye kilichokufa, mng'ao unafifia. Vikifa vichache vilivyopakana, picha inakuwa na mstari mweusi kutoka juu hadi chini, na ndani ya mstari huo kunaweza kufichika kitu ambacho daktari alipaswa kukiona. Nawasihi wote wanaoshika probe: irudisheni kwenye kishikio chake kila mnapomaliza na mgonjwa, na msiichemshe wala kuitia kwenye mashine ya mvuke, maana joto linaweza kuvuruga ule mpangilio wa punje.

Turudi kwenye benchi lako. Kiwashio kikigoma, kijiwe huwa cha mwisho kulaumiwa. Funga gesi kwenye mtungi kwanza, acha iliyobaki itawanyike, kisha zima taa ya chumba na uzungushe swichi. Ukisikia "tak!" nzito, nyundo na springi ni wazima. Fuatilia kwa macho cheche inarukia wapi. Mara nyingi kauri nyeupe inayoshika ncha ya waya ina ufa, na cheche inatorokea pembeni, au mchuzi umemwagika ukaganda ukawa njia ya umeme. Safisha, kausha vizuri, maana hata unyevu unatosha kuiba cheche. Pima pengo kati ya ncha na bana (kile kichwa cha jiko kinachotoa moto): milimita 3 hadi 5. Angalia pia kama waya haujachomoka, na kama bana imegusana vizuri na bodi, kwa sababu umeme unarudi kupitia hapo. "Tak!" ikiwa legevu au haipo kabisa, springi imekatika, badilisha kiwashio kizima. Kile cha zamani usikisage wala kukichoma, kijiwe kina risasi ndani.

Na ukikuta jiko linalolia "tak-tak-tak" bila kukoma unapobonyeza, usihangaike kutafuta kijiwe. Hilo lina betri na saketi ya kupandisha volti. Anza kwa kubadilisha betri.