Ukija Leicester majira ya joto, usikae ndani kumsubiri mwenyeji

Kila mwaka ikifika Aprili, simu za nyumbani huanza. Viza imetoka, tiketi imekatwa, kilichobaki ni lile swali la siku zote: nibebe nini? Naishi Leicester, mji ulio katikati ya Uingereza, na majira ya joto hayapiti bila nyumba yangu au ya ndugu zangu kupata mgeni kutoka Tanga, Mombasa au Dar. Suala la nguo ni la dakika mbili, nitaligusa huko mbele. Ninalotaka kusema hasa ni hili: mgeni, zoea kutoka nje ya nyumba peke yako, tena mapema, ndani ya wiki ya kwanza.

Nasema hivi kwa sababu nimeona wazazi wetu wakija huku miezi miwili na kurudi wakiwa wameona uwanja wa ndege, sebule ya mtoto wao na siku moja ya mbio London. Inaniuma. Mwenyeji hana nia mbaya. Wengi wetu tunafanya kazi hospitali, kwenye nyumba za kutunzia wazee au kwenye maghala, na zamu moja huweza kuwa ya saa 12. Likizo ya mwaka ni ya kuhesabu, na mara nyingi imeshaliwa na safari ya msiba. Kwa hiyo mama anabaki na televisheni, anachungulia dirishani, anaogopa hata kufungua mlango. Tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni mwenyewe naye anatakiwa apone.

Anza na basi. Siku ya kwanza ambayo mwenyeji yuko nyumbani, mwombe mpande pamoja kutoka kituo cha karibu hadi mjini, kisha mrudi. Siku inayofuata, nenda peke yako. Simama kituoni, nyoosha mkono basi likikaribia, maana usipoonyesha ishara linaweza kukupita. Mtajie dereva unakokwenda, gusisha kadi ya benki kwenye mashine, kaa. Tangu Januari 2025 nauli ya safari moja kwa mabasi mengi ya Uingereza ina kikomo cha pauni 3, kwa hiyo ukienda na kurudi unajua mfuko wako utatoboka kiasi gani. Ukikaribia kushuka bonyeza kengele, na ukishuka mshukuru dereva. Hapa watu wengi hufanya hivyo. Andika anwani ya nyumba kwenye karatasi, pamoja na msimbo wa posta, uiweke pochini, kwa sababu simu huzima chaji. Barabara zenyewe hazitakusumbua: magari yanapita kushoto kama Kenya, Uganda na Tanzania. Hata plagi za ukutani ni zile zile za matundu matatu, usipoteze pesa kununua adapta.

Safari ya kwanza ya peke yako iwe Belgrave Road. Ni mwendo wa kama dakika 20 kwa miguu kutoka katikati ya mji, na hapo ndipo mgeni kutoka Afrika Mashariki anapopata nguvu. Leicester ilipokea maelfu ya Wahindi wa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960, na kisha wale wa Uganda waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972 kwa notisi ya siku 90. Mwaka huo huo halmashauri ya mji ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasije Leicester, eti mji umejaa. Walikuja. Leo barabara hiyo ni maduka ya dhahabu, sari, vitamutamu vya Kigujarati na mikahawa, na watu wanasafiri kutoka miji mingine kuja kununua hapo.

Mama yangu mdogo alipokuja, nilimwacha dukani pale achague viungo huku mimi nikitafuta mahali pa kuegesha gari. Niliporudi nilimkuta ameegemea kaunta anacheka. Mzee wa Kihindi mwenye duka, nywele nyeupe pe, alikuwa amemsikia akinong'ona bei kwa Kiswahili, akamuuliza: "Mama, wa Mombasa wewe, au wa bara?" Yeye mwenyewe alizaliwa Kisumu. Walizungumza hadi wateja wengine wakaanza kukohoa nyuma yao. Tangu siku hiyo mama mdogo alikwenda Belgrave bila mimi, akirudi na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, ambayo huku inaandikwa mogo kwenye menyu, na habari za familia nzima ya yule mzee. Wazee wa namna hiyo wanazidi kupungua. Ukimkuta mmoja, msalimie, mpe shikamoo yake, na usiwe na haraka.

Ukitaka sura nyingine ya mji, tembea Narborough Road upande wa magharibi. Watafiti wa chuo cha London School of Economics waliwahi kuhesabu wenye maduka wa mtaa huo wakakuta wametoka nchi zaidi ya 20.

Sasa mwanga. Mgeni wa kwetu amezoea jua la saa 12 kwa 12, na hapa ndipo anapochanganyikiwa. Mwishoni mwa Juni jua linachomoza kabla ya saa 11 alfajiri na kuzama kama saa 3:30 usiku. Watoto wanacheza nje wakati wewe unadhani ni usiku wa manane. Usipofunga dirisha kwa pazia zito hutalala, kwa hiyo mwambie mwenyeji mapema, au funika kwa khanga mbili. Kwa Waislamu, Isha husogea karibu na saa 5 usiku na Alfajiri huingia mapema mno. Misikiti ya hapa haitumii hesabu moja katika miezi hii, hivyo chukua ratiba ya msikiti ulio karibu na nyumba uifuate hiyo hiyo, usichanganye na ya kwenye simu. Lakini mwanga huu pia ni zawadi. Mwenyeji akirudi kazini saa 12 jioni bado mna saa tatu za mchana mbele yenu. Badala ya kumsubiri Jumapili, mwambie mle mapema kisha mtoke. Abbey Park iko kando ya mto Soar, haina kiingilio, na jioni za Julai utakuta familia zimetandika mikeka kama tuko ufukweni. Ndani yake kuna misingi ya mawe ya abasia, yaani nyumba ya watawa, alikofia Kadinali Wolsey, aliyekuwa waziri mwenye nguvu wa Mfalme Henry wa Nane, mwaka 1530.

Joto la huku lisidharauliwe. Najua anayetoka Tanga atasema nyuzi 30 ni kitu gani. Nyumba hizi zimejengwa kushika joto wakati wa baridi, nyingi hazina feni wala kiyoyozi, na zikipashwa kwa siku tatu mfululizo ghorofa ya juu haikaliki. Tarehe 19 Julai 2022 kipimo kilifika nyuzi 40.3 huko Coningsby, katika jimbo la Lincolnshire, rekodi ya nchi nzima. Mchana funga madirisha na mapazia ya upande unaopigwa na jua. Usiku fungua pande zote mbili hewa ipite. Feni inunuliwe Juni, kwa sababu wiki ya joto likipanda huzioni madukani. Halafu kesho yake inaweza kunyesha na kushuka hadi nyuzi 16. Ndiyo maana jibu langu la nguo ni fupi: sweta moja, koti jepesi lisilopenya maji, viatu vya kutembelea vilivyokwisha kuzoea miguu yako, na mengine yote ni yale unayovaa nyumbani.

Ukipiga chafya mfululizo na macho yakawasha mwezi Juni, huenda si mafua. Ni chavua za nyasi, na wageni wengi hushangaa kwa sababu nyumbani hawakuwahi kuugua hivyo. Ingia duka la dawa, mweleze mfamasia. Maelezo yake hayalipiwi na vidonge vya mzio vinauzwa bila cheti cha daktari.

Mjini kati kuna mambo ya bure ya kukujaza siku nzima. Maktaba kuu ina viti, kompyuta na intaneti. New Walk ni njia ya waenda kwa miguu iliyoanzishwa mwaka 1785, ina kivuli cha miti mwanzo hadi mwisho, na makumbusho yake hayana kiingilio. Kisha nenda kanisa kuu la Leicester ukaone kaburi la Mfalme Richard wa Tatu. Aliuawa vitani Bosworth mwaka 1485, mwili wake ukapotea, na mwaka 2012 mifupa yake ikachimbuliwa chini ya maegesho ya magari, hatua chache tu kutoka kanisani. Alizikwa upya mwaka 2015. Jiwe la kaburi ni jeupe, lina msalaba uliochongwa ndani kabisa hata mwanga unapita katikati yake. Kituo cha maonyesho kilicho jirani hulipiwa. Ukiwa na pesa ingia, sakafu ya kioo inakuonyesha shimo lenyewe.

Kwa siku moja ya mapumziko ya mwenyeji, usimwombe London. Mwombe Bradgate Park, kaskazini magharibi mwa mji. Kuna swala wa Kizungu wanaotembea huru kwenye majani marefu, vilima vya miamba na magofu ya nyumba alikokulia Lady Jane Grey, aliyekuwa malkia kwa siku tisa tu mwaka 1553. Juni ndio mwezi wa kuzaa, hivyo kaa mbali na watoto wao. London utakwenda mwenyewe kwa treni, saa moja na dakika chache hadi kituo cha St Pancras. Tiketi ikatwe wiki kadhaa kabla, na uepuke treni za asubuhi za wafanyakazi, bei zake zinachoma.

Kuhusu mzigo na afya sitazunguka. Nyama na maziwa ya kila aina, pamoja na samli ya bibi, hayaruhusiwi kuingia. Miraa ni dawa ya kulevya kisheria tangu Juni 2014, usikubali kumbebea mtu. Dawa zako za sukari au presha zikae kwenye begi la mkononi, na barua ya daktari. Kata bima ya safari kabla ya kuondoka: huduma ya kwanza ya dharura hospitalini haitozwi, lakini mgeni akilazwa bili inaweza kumfilisi mwenyeji. Namba ya dharura ni 999, na 111 ni ya kuuliza ushauri wa afya.

Na kama tarehe bado hujazikata, njoo mwanzoni mwa Juni. Shule hufungwa Julai, na kuanzia hapo hadi Septemba nauli za ndege na treni hupanda, bustani hujaa, na mwenyeji mwenye watoto anakuwa na kazi mara mbili. Juni siku ni ndefu kuliko zote, vibanda vya soko la mjini vimejaa stroberi zinazouzwa kwa bakuli, na kwenye basi la saa 4 asubuhi utapata kiti cha dirishani.