Sampuli imetoka safi, lakini farasi hashiki mimba

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu kutoka Naivasha, ambako ninasimamia farasi wa kuzalisha. Tunaye jike wa Thoroughbred, aina ya farasi wa mbio, mwenye umri wa miaka 14, ambaye zamani alizaa bila taabu. Misimu miwili sasa anapandishwa bila kushika mimba, au anashika na mimba inapotea mapema. Hatoki usaha, anakula vizuri na anaingia kwenye joto kama kawaida. Sampuli iliyochukuliwa kizazini kwa kijiti cha pamba haikuotesha bakteria yeyote. Mwenye farasi anataka awekewe antibiotiki kizazini kabla ya kupandishwa tena, kwa kuwa anaamini haitamdhuru. Tufanye hivyo?

JIBU: Ndugu msimamizi, naomba msimwekee dawa yoyote kwa sasa. Antibiotiki inayowekwa kwa kubahatisha inaweza kuua bakteria wasio na madhara na kuwaachia nafasi kuvu, na maambukizi ya kuvu kizazini ni magumu kutibu kuliko mengi ya bakteria.

Majibu ya maabara hayanishangazi. Kijiti cha pamba hugusa sehemu ndogo tu ya kizazi chenye pembe mbili na mikunjo mingi, kwa hiyo maambukizi yaliyo pembeni hukosekana kwa urahisi. Isitoshe, watafiti wa Denmark wameonyesha kwamba bakteria aina ya Streptococcus zooepidemicus anaweza kulala ndani kabisa ya ukuta wa kizazi, mahali ambapo pamba haifiki. Escherichia coli naye mara nyingi hukaa bila kuvuta chembe nyeupe za damu wala kujaza maji, ndiyo maana jike huonekana mzima kabisa. Mimba kupotea mapema, kurudi kwenye joto kabla ya siku 21 kutimia, na maji yenye kina kinachozidi sentimita 2 katika picha ya ultrasaundi wakati wa joto, ni dalili ninazozipa uzito kuliko sampuli moja iliyotoka safi.

Ninachopendekeza ni kukiosha kizazi kwa maji kidogo ili kupata sampuli. Kwanza daktari wenu ahakikishe kwa ultrasaundi kwamba jike hana mimba, kisha kazi ifanyike mwanzoni mwa joto, mlango wa kizazi unapofunguka. Mkia hufungwa bendeji, sehemu za nje huoshwa kwa sabuni mara tatu na kukaushwa, halafu mililita 60 hadi 150 za maji ya chumvi yasiyo na vijidudu huingizwa kwa mpira. Daktari huingiza mkono katika njia ya haja kubwa na kukikanda kizazi taratibu ili maji yafike kwenye pembe zote mbili, kisha huyaacha yarudi kwenye mfuko uliounganishwa na mpira huo. Yatazameni papo hapo: yakiwa si maangavu au yana nyuzi za ute, kuna jambo. Mashapo yake ndiyo yanayopandwa maabara na kupakwa kwenye kioo cha hadubini, na majibu hayo mawili lazima yasomwe pamoja.

Kwa jike wa umri huu ningeomba pia kipande kidogo cha ukuta wa kizazi. Hakimpi maumivu makubwa, nacho kinaweza kupandwa ili kuwatafuta bakteria waliojificha, na vilevile huonyesha kiasi cha makovu. Kwa kipimo cha Kenney na Doig, kinachopanga hali ya kizazi kwa madaraja kuanzia la I lililo bora, jike wa daraja la I hutarajiwa kuzaa kwa asilimia 80 hadi 90, ilhali wa daraja la III hafikii asilimia 10. Mwenye farasi anastahili kulijua hilo kabla ya kulipia dume tena.

Bakteria akipatikana, dawa ichaguliwe kwa kipimo cha usikivu, kinachoonyesha ni dawa ipi inayomuua. Streptococcus kwa kawaida husikia penisilini. Pseudomonas hujijengea utando unaoizuia dawa, hivyo huenda ukahitaji kulainishwa kwanza kwa asetilsisteini, dawa ya kuyeyusha ute. Kwa vyovyote, kizazi kioshwe kabla ya dawa kuwekwa, kwa sababu ute na usaha huipunguzia nguvu.

Tafuteni pia njia ambayo vijidudu vinapitia, kwani tiba isiyoziba njia hiyo hurudiwa kila msimu. Mtazameni akiwa amesimama: ikiwa njia ya haja kubwa imezama ndani na midomo ya uke imelala, hewa na kinyesi vinaingia. Upasuaji mdogo wa kushona sehemu ya juu, ambao daktari wa mifugo Caslick aliueleza mwaka 1937, hulitatua hilo, ila mshono lazima ufunguliwe kabla ya kuzaa.

Kwa kuwa Thoroughbred haruhusiwi kutiwa mbegu kwa mrija bali hupandwa na dume mwenyewe, kila tendo huingiza uchafu kizazini. Mpandisheni mara moja tu, karibu na yai kutoka. Baada ya saa 4 hadi 8, wakati ambapo mbegu zinazohitajika zimekwisha kupanda kwenye mirija, daktari akioshe kizazi kwa dripu ya Ringer (maji yenye chumvichumvi) na kumchoma oksitosini, homoni inayokibana kizazi, ili maji yatoke. Kiinitete hushuka kizazini karibu siku ya 6 baada ya yai kutoka, na uvimbe wowote uwe umekwisha kabla ya hapo. Arudiwe kwa ultrasaundi siku inayofuata. Maji yakiwa bado yapo, aoshwe tena.